Chumvi, umeme na vyoo vya meli: kwa nini mtambo wa baharini haulifai Ziwa Tanganyika

Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji kaskazini mwa Kigoma. Vyoo havikutosha, watu walikunywa maji ya ziwa, na kipindupindu kikawaingia. Kufikia tarehe 22 mwezi huo, UNHCR ilikuwa imehesabu wagonjwa 3,000 na vifo vipatavyo 31. Meli ya MV Liemba ndiyo iliyowavusha kuwaleta Kigoma mjini, mamia ya watu kwa kila safari. Baada ya mkasa ule, swali la kinyesi cha abiria kinaishia wapi haliwezi tena kuachiwa fundi wa bomba peke yake.

Baharini kuna jibu linalotumika kwenye boti na meli nyingi, nalo ni la kuvutia kwa jinsi lilivyo jepesi. Mtu akivuta maji chooni, kinyesi huingia kwenye chemba pamoja na maji ya bahari, visu vikakisaga mpaka kikawa kama uji mwepesi. Kisha umeme wa betri unapitishwa kati ya mabamba ya titani yaliyopakwa oksidi ya ruthenia. Kwenye bamba chanya, kloridi iliyomo ndani ya chumvi hupoteza elektroni na kuwa klorini. Kwenye bamba hasi, maji huachia gesi ya hidrojeni, ambayo lazima itolewe nje kwa bomba lake, na hapo hubaki alkali kali. Klorini na alkali zikikutana, inapatikana haipokloraiti, dawa ileile ya kutibia maji iliyomo kwenye chupa ya WaterGuard. Dakika chache baadaye sehemu kubwa ya vijidudu imekufa, na mvuto unaofuata unasukuma maji hayo nje. Klorini iliyokwisha kufanya kazi inarudi kuwa kloridi. Nahodha hanunui dawa yoyote: bahari inatoa malighafi, injini inatoa umeme. Ampea moja ikipita kwa saa moja bila upotevu huzalisha gramu 1.32 za klorini.

Sasa tuulete mtambo huo Kigoma. Lita moja ya maji ya bahari ina kloridi miligramu 19,000 na ushei. Lita ya maji ya Tanganyika ina takriban 27. Tofauti ni ya mara 700. Umeme hupita kwa shida, na hata ule unaopita huishia zaidi kupasua maji na kutoa oksijeni, ambayo hapa haitusaidii. Kwa hiyo watengenezaji huweka tangi la pembeni linaloongeza maji ya chumvi kila choo kinapovutwa.

Chumvi tunayo. Uvinza, kwenye reli ya kati, watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu karne nyingi kabla ya Wajerumani kufika. Lakini tupige hesabu. Chukua abiria 600, kila mmoja aende chooni mara tatu kwa siku, na kila mvuto utumie lita 5. Hizo ni lita 9,000. Kuzifikisha kwenye ukali wa bahari, yaani gramu 35 kwa lita, kunahitaji kilo 315 za chumvi, zaidi ya magunia sita ya kilo 50 kila siku. Hata ukikubali ukali wa nusu, bado ni magunia matatu yanayomwagwa chooni.

Tatizo la pili huwa halitajwi, nami naliona ndilo zito zaidi. Maji ya Tanganyika yana pH ya karibu 9, na yana bikaboneti nyingi kiasi kwamba pH hiyo haishuki kirahisi. Klorini inaua vizuri inapokuwa katika umbo la asidi ya haipoklorasi. Kwenye pH ya 7, karibu robo tatu yake huwa katika umbo hilo. Kwenye pH ya 9 hubaki asilimia 3 tu, na iliyosalia ni dhaifu kwa makumi ya mara. Bahari nayo ina alkali, lakini ina bromidi miligramu 65 hivi kwa lita, ambayo klorini huigeuza kuwa dawa ya bromini inayobaki na makali kwenye pH ya 8. Ziwa letu halina akiba hiyo. Ongeza amonia ya mkojo, inayoila klorini kabla haijafika kwa kimelea, na utaona kwamba mtambo unaofaulu kule Tanga hauna hakika ya kufaulu kati ya Kigoma na Mpulungu.

Na tuseme umefaulu. Vijidudu vimekufa, lakini naitrojeni na fosforasi zimo zilezile, na sasa zina mabaki ya klorini juu yake. Baharini zinatawanyika. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na uchafu unabaki. Meli ikifunga gati ndani ya ghuba ya Kigoma, inachomwaga kinabaki kwenye maji hayohayo ambayo akina mama wanachota Kibirizi, hatua chache kutoka dagaa walioanikwa mchangani. Marekani, ambako mitambo hii imeenea sana, sheria ya shirikisho inakataza vyombo kumwaga hata majitaka yaliyotibiwa kwenye maziwa ya maji baridi ambayo meli haziwezi kuyaingia wala kuyatoka. Tanganyika lingekuwa humo.

Kinachofaa hapa ni tangi la kuhifadhi. Hesabu yake inakubali, mradi vyoo viwe vya kunyonya kwa hewa kama vya ndege, vinavyotumia kama lita 1.2 kwa mvuto. Abiria walewale 600 watajaza lita 2,160 kwa siku, na safari ya siku tatu itahitaji tangi la lita 6,500 hivi. Kwa meli yenye urefu wa mita 71 kama Liemba, nafasi hiyo ipo.

Kuchanganua maji ya chumvi kwa umeme kuna kazi nzuri zaidi nchi kavu. Kifaa cha WATA, kilichobuniwa na taasisi ya Antenna ya Geneva, huchukua gramu 25 za chumvi kwa lita ya maji na kutoa dawa yenye gramu 6 za klorini. Lita hiyo moja inatosha kutibu lita 4,000 za maji safi ya kunywa. Kilo moja ya chumvi ya Uvinza, basi, inatibu lita 160,000. Zahanati ya Kagunga yenye paneli ya sola na ndoo chache inaweza kujitengenezea dawa yake.

Wanaochora ramani za ukarabati wa Liemba na za meli mpya za ziwa hili waweke tangi na vyoo vya kunyonya tangu mwanzo, kwani kuvipachika baadaye ni gharama mara mbili. Na bandari ya Kigoma iwe na pampu, bomba na mahali pa kuyatibu majitaka hayo, kabla tangi la kwanza halijajaa.