Mlingoti wa Christen Købke

Wanawake wawili wametupa kisogo kwenye gati dogo la mbao, wakitazama mashua ziwani. Inakuja au inakwenda? Christen Købke hajibu, na ukimya huo ndio unaoibeba picha yake ya Ziwa la Sortedam, aliyoichora mwaka 1838 pembezoni mwa Copenhagen na ambayo sasa imo katika Statens Museum for Kunst.

Tazama alivyoipanga. Upeo wa macho ameushusha, anga ikatwaa sehemu kubwa ya turubai ambalo upana wake haufiki hata mita moja. Maji, ukingo wa ng'ambo, mashua: vyote vimelala. Waliosimama ni wanawake hao, na pembeni yao mlingoti wa bendera unaopanda peke yake hadi angani. Bila mlingoti huo jicho lingeteleza juu ya maji na kutoka nje ya fremu. Nao unalizuia, unalirudisha kwa wale wawili, kisha kwenye mashua, na swali linaanza upya. Bendera ya Denmark imenywea. Mchoraji mwingine angeipeperusha kuwafurahisha wazalendo, lakini Købke ameihitaji kwa wekundu wake, ili weupe wa jioni upate joto.

Uthubutu wa kuacha vitu nje alikuwa nao tangu mapema. Mtoto huyu wa mwoka mikate, aliyezaliwa mwaka 1810, alifundishwa na C. W. Eckersberg kupima umbali kwa hesabu na kuchora mbele ya kitu chenyewe. Alipopanda kuchora kasri la Frederiksborg, kati ya 1834 na 1835, aliliacha karibu lote chini ya fremu, akabakiza ukingo wa paa na anga pana mno. Fahari yote ya kifalme ameigeuza kuwa kizingiti cha kuangalia hewa! Sijui picha ya zama zile iliyo jasiri kuliko hiyo.

Mwaka 1838 alikwenda Italia, akarejea 1840, na kwa miaka iliyofuata akatumia michoro ya safari kutengeneza picha za Capri na Napoli. Mwaka 1846 Chuo cha Sanaa kilichomlea kikamnyima uanachama. Mwaka 1848 akafa kwa nimonia, akiwa na miaka 37. Uamuzi ule wa Chuo unaniuma, ingawa picha hizo za mwisho kweli zimeelemewa: miamba, mawimbi na watu vinagombania jicho. Nguvu yake ya zamani imebaki katika vile vipande vidogo vya rangi ya mafuta alivyochora papo hapo, ambapo mkono haukupata muda wa kujaza kila pembe.