Jukwaa Ndani ya Ngome: Kuta za Kale na Hadhira ya Leo

Katika Nguba, Bukavu, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, hakuna ukumbi wa mawe wa kale. Mji huu ulikua chini ya ukoloni wa Wabelgiji, ukiitwa Costermansville hadi miaka ya 1950. Je, wapenzi wa sanaa za maonyesho wa hapa wamepungukiwa? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuichunguza Ngome Kongwe ya Unguja.

Mara nyingi Ngome Kongwe hulinganishwa na kumbi za Wagiriki, kama ule wa Epidauros wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ambao katika karne ya 20 ulianza tena kupokea tamthilia. Ulinganisho huo unapotosha. Epidauros ilijengwa kwa ajili ya maonyesho. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa, kwa ajili ya ulinzi. Baadaye ikatumika kama gereza. Madaraja ya kukalia, yaliyopangwa nusu duara, yalijengwa uani katika miaka ya 1990. Kuta ni kongwe. Ukumbi ni mpya, na umbo lake ni la kuazima.

Umbo hilo si jambo dogo. Humketisha mtazamaji mbali, atazame tu. Lakini katika taarabu, mshabiki huinuka akaenda kumtunza mwimbaji, na kwa kitendo hicho huufanya ubeti kuwa ujumbe wake mwenyewe. Katika ngano, fanani hawezi kuanza kabla hadhira haijamwitikia. Ebrahim Hussein alilitambua hilo alipoijenga *Jogoo Kijijini* (1976) juu ya misingi ya utambaji wa hadithi.

Hatukusudii kuubeza ukarabati huo. Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, yamezikutanisha ndani ya kuta hizo sanaa za nchi nyingi, na mahali pa kifungo pamekuwa mahali pa wimbo. Tunachodai ni kwamba wahakiki wamezisifu mno kuta wakasahau kuuliza: hadhira inaweza kufanya nini humo? Pale mtazamaji anaposhuka madaraja hadi kwa mwimbaji, ukumbi huo huwa wa Waswahili. Asiposhuka, ngome hubaki pambo nyuma ya jukwaa.

Kwa hiyo vikundi vya Nguba havina sababu ya kungojea jengo. Ua ulio wazi, ambamo watu humzunguka mwigizaji na kumjibu kwa Kiswahili chao cha Bukavu, unatosha kuanzia. Na siku jengo litakapopatikana, mchoraji wake hana budi kwanza kuitazama hadhira hiyo inavyosimama na inavyosogea, ndipo achore viti.