Chupa Mkononi: Jinsi Tunavyohubiri Habari za Kujiandaa

Kila mwaka, mwezi Novemba, kalenda ya kanisa letu hufika mwisho, na somo linalozoeleka katika majira hayo ni lile la wanawali kumi katika Mathayo 25. Hapa Isikizya, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, Novemba ina habari yake pia. Mawingu huanza kujikusanya, majembe hutiwa mipini mipya, na vihenge vya nyumba nyingi vimeshapungua. Kuanzia hapo mpaka mahindi mabichi yapatikane shambani, kila nyumba hula kile ilichoweka. Isiyoweka hukopa.

Mwaka mmoja nilihubiri somo hilo kama nilivyofundishwa. Taa ni ukiri wa mdomo, mafuta ni imani ya moyoni, bwana arusi ni Kristo, usiku wa manane ni saa tusiyoijua. Kwa kipimo cha chuo cha theolojia, hayakuwa mahubiri mabaya. Baada ya ibada bibi mmoja alinisubiri chini ya mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Baba Mchungaji, nina swali. Wale watano wenye akili, walipowaona wenzao wanatoka nyumbani bila chupa ya mafuta, waliwaambia neno?"

Nikamjibu kwamba Biblia haisemi.

"Basi na wewe leo hukusema," akaniambia, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Sikumwelewa mpaka nilipofika nyumbani. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu ambao nusu yao walijua kwamba chakula chao hakitafika Februari, nikahubiri dakika arobaini juu ya kujiandaa, nisiseme neno hata moja juu ya chakula. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa. Ni uhakiki wa mahubiri yetu, na wa kwanza kuhakikiwa ni mimi.

Tunapohubiri kujiandaa, tuna makosa matatu tuliyoyazoea. La kwanza ni kupandisha kila kitu mbinguni. Mafuta yakishakuwa imani, hayawi tena mafuta. Msharika anatoka akiwa na hakika kwamba Mungu anashughulika na roho yake, na kihenge chake hakimhusu Mungu. Lakini Bwana Yesu alichagua mfano wa mafuta halisi kwa sababu wasikilizaji wake walijua maana ya kuishiwa usiku. Mtu ambaye hajawahi kuwaza juu ya mafuta ya taa yake hawezi kuuelewa mfano huo hata kwa upande wa mbinguni.

Kosa la pili ni vitisho. Tarehe 3 Desemba 2023, ambayo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Katika wiki zilizofuata nilisikia mahubiri mengi yakilitaja tukio lile kama dalili ya siku za mwisho. Sikusikia mahubiri yaliyouliza: sisi tumejenga wapi? Mkondo wa maji unaopita nyuma ya nyumba zetu unaelekea wapi mvua ikizidi? Nani katika mtaa wetu hawezi kukimbia, na nani atambeba? Hofu huwaleta watu madhabahuni Jumapili moja, na Jumatatu haimwambii mtu afanye nini kwa mikono yake. Zaidi ya hayo, hofu humfanya kila mtu aangalie mlango wake peke yake.

Kosa la tatu ni kusoma nusu. Hili ndilo kubwa, na nitakaa nalo.

Tuanze na Yusufu. Tunapenda Mwanzo 41: ng'ombe wanono na ng'ombe waliokonda, masuke yaliyojaa na masuke makavu, na kijana wa gerezani anayemshauri Farao. Tunamsifu kwa hekima yake, na ni haki yake. Ushauri wake ulikuwa wa kawaida kabisa: wekeni sehemu ya tano katika miaka ya shibe. Mwenye magunia 10 aweke 2. Hata mtu wa kawaida wa Uyui anaweza kuihesabu.

Ila mahubiri yetu huishia hapo. Soma sura ya 47. Njaa ilipozidi, watu walileta fedha zao zote kwenye ghala. Fedha zilipokwisha wakaleta mifugo. Mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba na miili yao wenyewe, wakawa watumwa wa Farao. Nafaka ile ilitoka mashambani mwao wenyewe. Ghala liliokoa uhai, na ghala hilohilo liliwanyang'anya watu nchi yao. Biblia haikuficha jambo hilo. Sisi ndio tunaolificha tunapofunga kitabu mapema.

Kwetu huku sura ya 47 haihitaji mfasiri. Mkulima anavuna, na kwa kuwa ada ya shule inadaiwa na deni la pembejeo linamngoja, anauza mahindi na mpunga wakati bei iko chini. Miezi sita baadaye anayanunua mahindi yaleyale kwa bei ya juu, au anauza mazao yakiwa bado mabichi shambani. Anayenunua ana ghala, na huenda anakaa nasi kanisani benchi la mbele. Tukihubiri Yusufu bila sura ya 47, tunambariki mwenye ghala bila kumuuliza analitumiaje. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu, "Wekeni akiba." Lazima tuulize akiba ni ya nani, funguo ziko kwa nani, na siku ya njaa mlango utafunguliwa kwa masharti gani.

Historia ya nchi yetu inalo somo juu ya funguo. David Livingstone alirudi Ujiji mnamo Oktoba 1871 akiwa amechoka na mgonjwa, akitumaini kukuta mali aliyotumiwa kutoka pwani. Alikuta aliyekabidhiwa mali ile ameshaiuza. Maandalizi yalikuwepo, na mwaminifu hakuwepo. Mwaka uliofuata alikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, akingoja wapagazi na vifaa ambavyo Stanley aliahidi kumtumia. Hao walifika, naye akaendelea na safari Agosti 1872. Tofauti kati ya Ujiji na Kwihara ilikuwa mtu anayetunza neno lake.

Turudi kwa wanawali. Hapa pia tunasoma nusu. Kwanza, wote kumi walisinzia. Usingizi si kosa, na maandalizi mema ndiyo humruhusu mtu alale. Pili, wenye akili walikataa kugawa, na mahubiri mengine hulifanya jambo hilo kuwa ruhusa ya kumfungia jirani mlango. Lakini sababu wanayoitoa ni kwamba mafuta hayatawatosha pande zote mbili. Saa ile taa zote kumi zingezimika njiani. Kuna mambo ambayo usiku wa manane hayagawanyiki tena. Kisima hakichimbwi siku ya kiu. Ndiyo maana swali la bibi yule ni zito: wakati wa kugawa ulikuwa jioni, na kitu cha kugawa kilikuwa neno.

Tatu, sura haiishii hapo. Baada ya wanawali kuna talanta, na baada ya talanta kuna hukumu ya mataifa, ambapo Mfalme anauliza habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Sisi tumeikata sura hiyo vipande vitatu na kuvihubiri siku tofauti. Isome kwa mara moja. Anayeweka mafuta mwanzoni mwa sura anaulizwa habari za mkate wa mwenzake mwishoni mwake. Hapo ndipo ninapoiona sababu ya kiimani ya kujiandaa: tunaweka ili siku ile tuwe na kitu mkononi cha kumpa aliyekosa. Asiye na kitu anaweza kuhurumia, ila hawezi kulisha.

Yuko atakayenijibu kwa Mathayo 6: ndege hawana ghala, na Bwana alitukataza kuisumbukia kesho. Na yule tajiri wa Luka 12 aliyejenga ghala kubwa, je, hakuitwa mpumbavu? Kweli. Lakini sikiliza tajiri yule anavyosema. Kila neno lake ni "yangu": mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Hakuna jirani katika hesabu yake. Upumbavu wake uko hapo. Na katika Matendo 11, nabii Agabo alipotabiri njaa, wanafunzi wa Antiokia hawakusema ndege hawana ghala. Kila mmoja alitoa kwa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi.

Baba yetu Martin Luther alikabiliwa na jambo hili mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg. Wengi walihama, yeye alibaki kuwahudumia wagonjwa. Katika barua kwa mchungaji Johann Hess wa Breslau aliwakosoa watu wa pande mbili: wanaomkimbia jirani yao mgonjwa, na wanaoidharau dawa wakidhani huko ndiko kuamini. Hao wa pili aliwaona kuwa wanamjaribu Mungu. Yeye aliomba, kisha akatumia dawa, na akajiepusha na mahali ambapo hakuhitajika ili asiwe chanzo cha kifo cha mwingine. Maombi na mikono vilikwenda pamoja.

Wazee wetu walilijua hili. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya pwani na Unyanyembe walipaswa kuivuka Mgunda Mkali, nyika ile kati ya Ugogo na Unyamwezi yenye shida ya maji na chakula. Msafara uliingia huko ukiwa na posho yake. Wanawake wa huku walikata viazi vitamu na kuvianika kuwa michembe, au walivichemsha kwanza kuwa matobolwa, na mpaka leo wanafanya hivyo. Hiyo nayo ni kazi ya kujiandaa, ingawa sijawahi kusikia ikitajwa katika sala ya shukrani ya mavuno.

Nina jambo moja la kukiri kabla sijamaliza. Katika usharika niliotumika zamani, tuliamua kutunza mahindi ya sadaka ya mavuno badala ya kuyauza yote mnadani. Tuliyaombea, tukafunga mlango, na mimi nikakaa na ufunguo. Januari tulipofungua, magunia ya chini yalikuwa unga. Dumuzi alikuwa ametangulia. Mdudu huyu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na katika Afrika alitambuliwa kwanza hapa hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimpa jina la Scania, kwa jina la lori. Kila mkulima aliyekaa ibadani siku ile alijua kwamba mahindi hupukuchuliwa, hukaushwa mpaka punje ilie ikiumwa, hutiwa dawa au huwekwa katika mifuko isiyopitisha hewa, na ghala hukaguliwa mara kwa mara. Sikumwuliza hata mmoja. Mjane aliyekuja na debe lake siku ile alirudi nalo tupu, akaniambia, "Mungu atatenda, Mchungaji." Sikuweza kumtazama. Ule uzembe wangu nilikuwa nimeuita imani kwa miezi mitano.

Kwa hiyo nafikiri tumekosea hata mwezi. Novemba, kwa mkulima wa Isikizya, tayari ni usiku wa manane. Kumhubiria kujiandaa wakati huo ni kumtuma dukani saa ambayo maduka yamefungwa. Jioni yetu ni Juni na Julai, mavuno yanapoingia, kabla ya mnunuzi na deni havijaja. Wakati huo ndipo mchungaji aisome Mathayo 25 yote. Wakati huo ndipo wazee wa kanisa wakae na wakulima, wahesabu ile sehemu ya tano, wamchague mwenye ufunguo na wa kumkagua mwenye ufunguo, na waandike majina ya watakaohitaji kufikiwa kwanza. Atakayekopa Januari arudishe gunia kwa gunia, bila nyongeza, ili sura ya 47 isijirudie katika nyumba ya Mungu.

Na tusiwasukume watu kwa kuwatisha. Jirani asiyeweka akiba mara nyingi si mvivu. Ameuza kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa. Nenda kwake mwezi Juni, kaa naye, msaidie kupukuchua, kisha sema naye.

Bibi yule bado anakuja ibadani. Mwaka huu, wiki ya kwanza ya Julai, nilipita kwake nikamkuta ameanika michembe juu ya turubai. Nikamwambia kwamba Jumapili nitahubiri wanawali kumi. Akanitazama, akahesabu miezi kwa vidole, akacheka.

"Sasa umewahi," akasema.