Tani 30 Zinazofanana na Tela Tupu

Ukipishana na lori linalotoka Kolwezi au Likasi, Kongo, kwenda bandari ya Dar es Salaam, unaweza kudhani linarudi bila mzigo. Turubai limelala karibu na sakafu ya tela, na chini yake kuna vivimbe vichache vilivyoachana. Vivimbe hivyo ni tani 30 za shaba. Lita moja ya shaba ina uzito wa karibu kilo 9, kwa hiyo tani zote hizo hazifikishi hata mita 4 za ujazo. Mzigo mfupi kiasi hicho haupinduki kirahisi, na kwa sababu hiyo watu huufunga wakiwa wametulia kupita kiasi. Hatari yake ni kuteleza.

Shaba hiyo husafirishwa ikiwa mabamba ya upana wa karibu mita moja, yaliyopangwa na kukazwa kwa mikanda ya chuma hadi kuwa mafungu ya tani 2 au zaidi kidogo. Fungu la namna hiyo likikaa juu ya sakafu ya chuma, msuguano unaolishika ni kama asilimia 20 tu ya uzito wake. Kwenye mteremko wa asilimia 10, hata kabla dereva hajagusa breki kwa nguvu, nusu ya msuguano huo imeshatumika. Ndiyo maana ninaufikiria sana mlima Kitonga, kwa kuwa lori linaloelekea Dar es Salaam linaushuka likiwa limebeba.

Jibu la kwanza linalokuja akilini ni kuyasogeza mafungu yote mbele yaegemee ukuta wa tela. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, hairuhusu hilo kwa vitendo. Semi ya ekseli 6 inaruhusiwa tani 50 kwa jumla: 8 kwenye usukani, 18 kwenye ekseli mbili za kichwa, 24 kwenye ekseli tatu za tela. Ukirundika shaba mbele, ekseli za kichwa zitazidisha na utakwama mizani ya kwanza. Basi mafungu yanatawanywa, na kati ya fungu la kwanza na ukuta wa mbele inabaki nafasi. Chukua nafasi ya mita 2. Dereva akifunga breki kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, fungu lisilozuiwa litaivuka nafasi hiyo kwa sekunde moja na kidogo, na litaugonga ukuta kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Ni tani 2 zinazokimbia, na nyuma ya ukuta huo kuna kabini yenye mtu.

Hapo ndipo inapokuja mikanda, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Mkanda wa kawaida wa polista wa milimita 50 una lebo ya buluu. Namba inayosomwa na kila mtu ni ile kubwa, tani 2.5 au tani 5, ambayo ni nguvu unayoweza kustahimili ukivutwa. Namba inayohusika unapopitisha mkanda juu ya mzigo iko pembeni ya herufi STF: ni nguvu ambayo mkono wa mtu unaweza kuiingiza kwa racheti, na kwa kawaida ni kilo 300 hadi 500 tu. Mkanda uliopita juu hauzuii kitu kwenda mbele. Kazi yake ni kulikandamiza fungu sakafuni ili msuguano uongezeke, basi.

Tupige hesabu. Kanuni za Ulaya na za Marekani zinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake. Fungu la tani 2 linahitaji tani 1.6, msuguano wa chuma kwa chuma unatoa tani 0.4, zinabaki tani 1.2. Mkanda wa STF ya kilo 400 unakandamiza kwa kilo 800, pande zote mbili, na asilimia 20 ya hizo ni kilo 160. Unahitaji mikanda 8 kwa fungu moja. Tena hiyo ni pale mkanda unaposhuka wima. Fungu la shaba ni fupi na liko katikati ya tela pana, hivyo mkanda unainuka kutoka ukingoni kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na ukandamizaji unapungua nusu. Sasa ni mikanda 15. Hakuna anayefunga hivyo, wala hakuna nafasi ya kufanya hivyo.

Weka chini ya fungu hilo mikeka ya raba ya kuzuia kuteleza. Msuguano unapanda hadi asilimia 60, pengo linashuka hadi kilo 400, na kwa pembe ileile mbaya mikanda 2 inatosha. Sijui kifaa kingine cha lori kinachofanya kazi kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Njia ya pili ni kubadili namna ya kufunga: mnyororo au mkanda uzungushwe uso wa mbele wa fungu, kisha ncha zake mbili zivutwe nyuma na kushikizwa kwenye pete za tela. Hapo ndipo ile namba kubwa ya lebo inapofanya kazi, kwa sababu mkanda unavutwa moja kwa moja. Ncha mbili za tani 2.5, kwa nyuzi 45, zinazuia zaidi ya tani 3. Usisahau vilinda kona, maana ukingo wa bamba la shaba hukata polista, na mkanda uliokatika uzi pembeni si wa kufungia tena.

Kisha lipo suala la turubai na lakiri. Shaba inaibwa, kwa hiyo inafunikwa na kufungwa, na mikanda iliyo ndani haiguswi tena mpaka bandarini. Lakini mikanda hulegea kilomita za mwanzo, mafungu yanapojikalisha juu ya matuta na barabara mbovu. Kanuni ya Marekani inamtaka dereva aikague ndani ya kilomita 80 za kwanza. Racheti zikae ukingoni, nje ya turubai, ambako zinaweza kukazwa bila kuvunja lakiri.

Mkeka wa raba hauna nafasi hiyo ya pili. Foklifti ikishaliweka fungu chini, hakuna wa kulinyanyua tena kwa ajili ya kipande cha raba. Kwa hiyo mikeka itandikwe kabla ya fungu la kwanza kuinuliwa, na yadi inayomwamuru dereva abaki kabinini wakati wa kupakia impe kwanza nafasi ya kuitandika mwenyewe.