Mwizi na Dadu Yake

Mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa Marekani na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974, huchezwa kwa maneno. Watu huketi mezani. Mmoja wao, msimulizi, hueleza pango na hatari zake, na kila mwenzake hunena alitendalo mhusika wake. Penye shaka hurushwa dadu. Ni hadithi isiyo na mtungaji mmoja, na yastahili kupimwa kama hadithi.

Wahusika wa kwanza walikuwa wa namna tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi alikuja mwaka 1975 katika nyongeza iitwayo Greyhawk, naye alikuja na jedwali la ustadi wake kwa asilimia. Kabla yake, mchezaji aliyehofia mtego aliutafuta kwa ulimi: nagonga sakafu kwa fimbo, namwaga maji nione yapenyapo. Msimulizi aliyapima maneno yale akayajibu. Jedwali lilipoingia, dadu ilijibu kabla swali halijaulizwa. Tena mpiganaji, aliyekuwa akinyata jana bila ya kumwomba mtu ruhusa, leo alidhani amekatazwa, maana kunyata kumekwisha kuwa mali ya mwingine.

Na mali yenyewe ni haba. Katika Players Handbook ya 1978, mwizi wa daraja la kwanza, kabla ya nyongeza za asili yake au wepesi wake, ana 10 katika 100 ya kujificha vivulini, 15 ya kwenda kimya, 20 ya kugundua mtego, 25 ya kufungua kufuli. Ukuta tu ndio anaouweza: 85. Msimulizi akimdai ajifiche na anyamaze pamoja, atafaulu chini ya mara 2 katika 100. Kufuli likimshinda, haligusi tena mpaka apande daraja. Mwizi wa namna hii angekufa njaa sokoni.

Ajabu ni kwamba Gygax, katika kitabu cha wasimulizi cha 1979, aliwataja Leiber, Vance na Tolkien miongoni mwa waliomwathiri. Cugel wa Vance huishi kwa hila na uongo. Bilbo, katika The Hobbit ya 1937, aliajiriwa kuwa mwizi naye hajapata kuiba. Mbele ya joka alikingwa na pete na mafumbo yake.

Toleo la 1989 lilimpa mchezaji pointi 60 azigawe mwenyewe katika ustadi wake. Huko ni kuugawa upya umaskini. Lile la 2000 lilibadili jina la mwizi na kuwafungulia wote sehemu kubwa ya ustadi wake, lakini dadu ilibaki mbele ya neno.

Mimi naafiki usomaji wa wachezaji wengine: yeyote aweza kujificha nyuma ya pipa, mwizi peke yake hujificha palipo na kivuli kitupu. Hapo ile 10 huwa ziada juu ya akili ya kila mtu, wala si kipimo cha akili hiyo. Kitabu chenyewe kimeandika vivuli, hakikuandika mapipa.

Pana pingamizi moja nisiloweza kulidharau. Jedwali humlinda mchezaji mzito wa kusema, apendaye kuwa mjanja mezani kwa kuwa kwingineko si mjanja. Huyo asidaiwe ufasaha. Aseme tu mkono wake anautia wapi; ikiwa ndipo ulipo mtego, msimulizi amwambie ameuona, na dadu ikae mezani.