Pongezi kwa Watunza Nyaraka wa Turkana

Jomo Kenyatta aliishi Lodwar, Turkana, chini ya amri ya serikali ya kikoloni kuanzia 1959 hadi 1961, baada ya kifungo cha Lokitaung. Tunaweza kuifuatilia miaka hiyo leo kwa sababu makarani waliandika nyaraka, wakazitia faili, na wengine baadaye hawakuzichoma. Majalada mengi ya wilaya ya Turkana sasa yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, taasisi iliyoundwa kisheria mwaka 1965.

Watu wa masijala nawapongeza kwa moyo wote. Kazi yao ina kanuni ngumu: karatasi za ofisi moja hazichanganywi na za nyingine, na mpangilio alioacha karani wa kwanza hauvurugwi, maana nao ni ushahidi. Kuna pia uamuzi mzito wa kipi kibaki na kipi kiteketezwe. Lodwar kuna joto kali, vumbi na mchwa. Karatasi isipoinuliwa kutoka sakafuni na kuwekwa kwenye boksi, huisha.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nayo Turkana, uzito ni mwingine. Kambi hiyo ilianza 1992, na faili la mkimbizi hubeba jina, ukoo, tarehe ya kuwasili. Mtoto aliyesajiliwa hapo huweza kuhitaji ukurasa huo akiwa mtu mzima, akimtafuta nduguye au akidai cheti cha shule. Mtunza nyaraka anayeupata ukurasa huo, na kumficha asiyestahili kuuona, anastahili mshahara mzuri na chumba kisichovuja.