Mwanga wa buluu usoni: unaua nini, unaacha nini

Barakoa ya plastiki yenye vitaa vya buluu ndani yake. Unaivaa robo saa kwa siku, chunusi zinakwisha. Ndivyo tangazo linavyosema, na linamkuta kijana wa Buswelu kwenye simu kama linavyomkuta mwenzake wa Dar es Salaam. Wapo wanaocheka. Mimi sicheki, maana jambo lenyewe lina msingi. Ubishi wangu uko kwingine: ni ngozi ya nani iliyopimwa?

Tuanze na msingi huo. Ndani ya vitundu vya vinyweleo wanaishi bakteria waitwao Cutibacterium acnes. Wanakula mafuta ya ngozi, na katika kuishi kwao wanatengeneza kemikali iitwayo porfirini. Zima taa chumbani, mmulike mtu usoni kwa ile taa ya zambarau ya madaktari wa ngozi, utaiona: vidoti vya rangi ya chungwa puani na pembeni mwa pua, kila kidoti na kitundu chake. Porfirini hunyonya zaidi mwanga wa nanomita 415 hivi, yaani buluu inayoelekea zambarau. Ikishashiba, huirushia nguvu hiyo oksijeni iliyo jirani, na oksijeni hiyo inageuka kali na kumchoma bakteria. Anakufa kwa sumu iliyowashwa ndani ya mwili wake mwenyewe.

Kabla ya barakoa alikuwepo Niels Finsen wa Copenhagen, aliyetibu kifua kikuu cha ngozi ya uso kwa taa kali na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kazi ilifanywa na miale ya urujuanimno. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark wakazipima lenzi zake za zamani na kukuta zinazuia miale mifupi kuliko nanomita 340. Maelezo yao? Porfirini tena, safari hii ndani ya bakteria wa kifua kikuu.

Sasa chunusi. Jaribio linalotajwa sana lilichapishwa mwaka 2000 na madaktari wa London, kwa wagonjwa 107 wenye chunusi hafifu hadi za wastani. Kundi lililofanya vizuri zaidi lilipata buluu ya nanomita 415 pamoja na nyekundu ya 660, dakika 15 kila siku kwa wiki 12. Nyekundu hupenya chini zaidi na kutuliza uvimbe. Vipele vyenye uvimbe vilipungua kwa asilimia 76, zaidi ya waliopaka benzoili peroksaidi ya asilimia 5.

Hapa ndipo wauza barakoa wanaponyamaza. Taa ya buluu ya London ilitoa miliwati 4.23 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha kwa sekunde 900, unapata takriban jouli 3.8 kwa siku. Kwa siku 84 ni 320 hivi. Hiyo ndiyo dozi. Kifaa chenye robo ya nguvu hiyo kinadai saa nzima kila siku, na nani atakaa saa nzima? Rangi ya buluu peke yake haisemi kitu. Hata taa za watoto wachanga wenye manjano pale hospitali ya Bugando ni za buluu, ila hizo hulenga nanomita 460 na kuendelea, kwa kazi nyingine kabisa.

Mwaka 2016 watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 71 ya mwanga na chunusi, yenye washiriki 4,211, wakakuta ushahidi wenye ubora wa juu haupo. Isitoshe, mwanga haupunguzi mafuta kwa uhakika wala hauzibui vitundu vilivyoziba.

Kinachonisumbua zaidi ni rangi yetu. Kwa mtu mweusi chunusi huondoka, doa likabaki, na mara nyingi doa ndilo linalomliza. Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa walimulika ngozi za watu kwa nanomita 415 na 630. Nyekundu haikuacha alama. Buluu iliacha weusi uliodumu hadi miezi mitatu, na weusi wa namna hiyo huwashika zaidi wenye ngozi nyeusi. Ni kweli dozi zao zilikuwa kubwa kuliko ya robo saa ya barakoa, lakini mwanga ni ule ule. Na jua la saa saba mchana Buswelu limeubeba tele, pamoja na urujuanimno, kwa hiyo kuanika uso juani si tiba.

Yapo na macho. Mwaka 2019 barakoa ya Neutrogena iliondolewa sokoni kwa hofu ya kuwadhuru watu wenye magonjwa fulani ya macho na wanaotumia dawa zinazoongeza wepesi wa kuathiriwa na mwanga. Doksisaiklini, inayoandikwa sana kwa chunusi, ni mojawapo ya dawa za aina hiyo.

Hukumu yangu: kwa uso mweusi, mwanga wa buluu ni msaidizi, tena wa mwisho kwenye foleni. Anza na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, na adapalini ya kupaka usiku. Achana na mkorogo wa kujichubua, kwani steroidi ambazo mara nyingi huwamo huzalisha chunusi zenyewe. Ukiwa na vinundu vikubwa vyenye maumivu, muone daktari wa ngozi mapema kabla makovu hayajakaa. Na ukiamua kununua barakoa, soma boksi: kama halina nanomita wala miliwati kwa sentimita ya mraba, rudisha hela mfukoni.